Albania ya Bara na Milimani: Mwongozo Kamili wa Safari ya Wiki Mbili

Wasafiri wengi wanaoitaja Albania siku hizi huanza na kuishia Ksamil na Sarandë, kwenye ufuo wa Bahari ya Ionia, ambako mwezi wa Agosti hata pa kutandika taulo hulipiwa. Pwani hiyo ni nzuri, lakini mtu anayetoka Mombasa, Tanga au Unguja hana haja ya kuvuka mabara mawili kwenda kutazama mchanga mweupe. Albania inayostahili nauli yake iko bara: katika mabonde ya kaskazini ambako wanakijiji hupokea wageni mezani pao, katika miji ya mawe iliyojengwa enzi za Waothmani, na kando ya mto ambao haukuzibwa kwa mabwawa. Mwongozo huu unafuata njia moja ya mzunguko yenye usiku 14, inayoanzia Tirana, ikapanda kaskazini, ikashuka hadi kusini kabisa, kisha ikarudi kwa upande wa mashariki. Nimeupanga kwa msafiri asiye na gari lake, kwa sababu hiyo ndiyo namna ninayoijua na ndiyo inayomkutanisha mgeni na wenyeji.

Viza na njia ya kuingia

Albania si mwanachama wa Umoja wa Ulaya wala haimo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania huhitaji viza ya Albania, na maombi hufanywa mtandaoni katika mfumo wa Wizara ya Ulaya na Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Hata hivyo, mwenye viza halali ya Schengen, ya Uingereza au ya Marekani, inayoruhusu kuingia mara nyingi na ambayo ameshaitumia walau mara moja, huruhusiwa kuingia Albania bila viza nyingine na kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180; ndivyo ilivyo pia kwa mwenye kibali halali cha ukaazi katika nchi hizo. Kabla ya kulipia tiketi, fungua orodha ya wizara hiyo na usome sehemu inayohusu pasipoti yako, kwa kuwa kanuni za viza hubadilishwa bila kumsubiri mtu.

Upande wa pili wa jambo hili huwanasa wengi. Ukiwa na viza ya Schengen ya kuingia mara moja tu, siku utakayovuka kwenda Albania ndiyo siku viza yako inapokwisha kazi, hata kama tarehe zake hazijaisha, na hutaweza kurudi Italia wala Ugiriki kupanda ndege yako ya kurejea nyumbani. Anayetaka kuunganisha Albania na ziara ya nchi nyingine za Ulaya aombe viza ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Njia nyepesi kwa anayetoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe ni kupitia Istanbul, kisha Tirana, bila kugusa ardhi ya Schengen. Aliyeko Italia anaweza kupanda feri ya usiku kutoka Bari hadi Durrës na kuamka akiiona milima.

Miezi ninayoipendekeza ni Juni na Septemba. Njia ya miguu ya Valbona, bonde la milimani kaskazini, hufunikwa na theluji hadi majira ya kuchipua yanapokaribia mwisho, na Julai na Agosti joto la mabondeni huwa kali na vyumba huwa haba. Septemba zabibu zimeiva, maji ya mito yamepungua kiasi cha kuvukika, na wenyeji wana nafasi ya kuzungumza na mgeni.

Fedha, na ile sifuri ya ziada

Fedha ya nchi inaitwa lek, na kwa miaka ya karibuni euro moja imekuwa ikibadilishwa kwa takriban lek 100, hivyo hesabu si ngumu. Chukua euro taslimu, uzibadilishe katika maduka ya fedha ya Tirana, na ubaki na noti ndogo, kwa kuwa milimani na katika magari ya abiria kadi ya benki haina kazi. Mashine nyingi za kutolea fedha humtoza mgeni ada kila anapozitumia. Ni afadhali kutoa kiasi kikubwa mara moja kuliko kidogo kidogo. Usitoke nchini na lek nyingi mfukoni, kwani nje ya eneo hilo ni vigumu kumpata wa kuzinunua.

Jambo moja lisipofahamika mapema humfanya mgeni adhani anaibiwa. Mwaka 1965 serikali ilibadilisha fedha na kuondoa sifuri moja, lek 10 za zamani zikawa lek 1 mpya, lakini watu wengi hadi leo hutaja bei kwa hesabu ya zamani. Huko Shkodër nilinunua kipande cha byreku, chapati ya tabaka nyembamba iliyojazwa jibini, kwa bibi mmoja aliyekuwa na tanuri nyuma ya dirisha dogo. Aliposema mia nane nilimpa noti ya lek 1,000 na kungoja chenji. Alinirudishia noti ile, akanishika kiganja nilichokuwa nimejaza sarafu, akachagua mwenyewe sarafu moja ya lek 100, akaniwekea lek 20 mahali pake, kisha akanikunja vidole kana kwamba ananifundisha kufunga fedha zangu. Bei ilikuwa lek 80. Kwa hiyo, ukisikia bei isiyoendana na kitu kilicho mbele yako, uliza kwa upole kama ni lek mpya au za zamani, au omba bei iandikwe kwenye karatasi. Sijawahi kupunjwa kwa sababu hiyo. Mara zote mwenye duka ndiye aliyenisahihisha.

Furgoni na saa za asubuhi

Reli haitamfikisha msafiri popote katika njia hii. Usafiri wa nchi ni mabasi na furgoni, na furgoni, kwa aliyezoea matatu au daladala, haihitaji maelezo marefu: ni gari dogo la abiria lenye ubao wa jina la mji kwenye kioo cha mbele, dereva hukusanya nauli njiani au mwishoni, na atakushusha popote utakapomwomba. Tofauti ni kwamba magari mengi ya masafa marefu huondoka asubuhi, na yakishaondoka yameondoka. Nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilifika stendi ya mji mmoja wa kusini saa nane mchana, nikakuta uwanja mtupu na mbwa amelala, nikalazimika kulipia usiku ambao sikuupanga. Kanuni niliyoishika tangu siku hiyo ni kufika stendi kabla ya saa mbili asubuhi, na kumuuliza mwenye nyumba ya wageni jioni iliyotangulia gari huondoka saa ngapi na wapi. Ratiba za mtandaoni nazichukua kama fununu tu. Mwenye nyumba humpigia dereva simu.

Angalizo la saa: Albania iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Tiketi ikiandikwa 09:00, kwa hesabu yetu ni saa tatu asubuhi. Katika mwongozo huu natumia saa za Kiswahili.

Maneno ambayo tayari unayajua

Kialbania hakina undugu na Kiswahili, lakini karne tano za utawala wa Waothmani ziliacha humo maneno mengi yenye asili ya Kiarabu, na msemaji wa Kiswahili atashtuka kwa furaha kuyasikia. Dunia huitwa dynja, ukaidi ni inat, maskini ni fukara kama kwetu, sahani ya shaba ni sahan, na mnara wa saa huitwa Kulla e Sahatit. Msikiti ni xhami, na ukijua kwamba xh husomwa kama j yetu, utaliona neno jamia papo hapo. Herufi dh na th husomwa kama katika dhahabu na thamani, nj ni kama ny, na ç ni ch. Mzungumzaji wa Kiswahili ana faida hapa kuliko watalii wengi wa Ulaya, basi aitumie: faleminderit ni asante, mirëdita ni salamu ya mchana, po ni ndiyo, jo ni hapana.

Kuwa mwangalifu na kichwa. Kwa desturi, kutikisa kichwa huku na huku ni kukubali, na kukiinua juu mara moja ni kukataa, ingawa vijana wa mjini wengi wamegeuza. Ngoja usikie po au jo kabla ya kuamua.

Hatua ya kwanza: Tirana, usiku mbili

Mji mkuu haupaswi kurukwa, kwa sababu bila kuielewa miaka ya 1944 hadi 1985, ambapo Enver Hoxha alitawala hadi kufa kwake, hutaelewa mengi utakayoyaona baadaye. Anza katika Uwanja wa Skanderbeg, kwenye Msikiti wa Et'hem Bey uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 19, wenye michoro ya miti, maporomoko ya maji na madaraja katika kuta zake. Mwaka 1967 serikali ilipiga marufuku dini zote, na misikiti na makanisa yakafungwa, yakabomolewa au yakageuzwa maghala na kumbi za michezo. Tarehe 18 Januari 1991 maelfu ya watu waliingia katika msikiti huu bila ruhusa ya wenye mamlaka, na hawakuzuiwa. Keti mazuliani kwa dakika chache ukilifikiri jambo hilo.

Kisha nenda Nyumba ya Majani, iliyokuwa kituo cha polisi wa siri cha kunasa mazungumzo ya watu na sasa ni makumbusho tangu 2017. Mchana panda basi la mji hadi Bunk'Art 1 chini ya Mlima Dajti, handaki kubwa la ghorofa tano chini ya ardhi lililochimbwa ili viongozi wajifiche humo vita vya nyuklia vikizuka. Vaa kitu cha kujikinga baridi, kwani ndani ni kama pangoni. Ukishaliona hilo, kuba ndogo za zege utakazozikuta mashambani, makaburini na kando ya barabara nchi nzima zitakuwa na maana. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba zilijengwa zaidi ya 170,000. Kituo kama hicho kilichoko katikati ya mji, Bunk'Art 2, kinaweza kuachwa na mwenye muda mfupi.

Takriban nusu ya Waalbania hujitambulisha kama Waislamu, wengine wakiwa Waorthodoksi, Wakatoliki na Wabektashi, wafuasi wa tarika ya Kisufi, ambao makao yao makuu ya dunia yako Tirana. Anayefuata masharti ya halali asidhani kwamba kila nyama ni halali kwa kuwa nchi ina Waislamu wengi. Nguruwe huuzwa, na raki, pombe kali ya zabibu, humiminiwa mgeni kama ishara ya heshima. Kuikataa si tusi. Weka mkono kifuani, sema faleminderit, uombe kahawa, na mwenyeji ataleta kahawa kwa moyo uleule.

Hatua ya pili: Shkodër, usiku mbili

Saa mbili za basi kuelekea kaskazini hukufikisha katika mji wa baiskeli. Kodisha moja, kwani ardhi ni tambarare, uanze na ngome ya Rozafa inayotazama makutano ya mito na ziwa. Husimuliwa kwamba ndugu watatu walijenga ukuta mchana na kila usiku ukabomoka, hadi wakaambiwa wamfukie ndani yake yule kati ya wake zao atakayeleta chakula kesho yake. Kaka wakubwa waliwaonya wake zao kwa siri. Mdogo alitimiza ahadi, akanyamaza. Mke wake alikubali kujengewa ukutani kwa sharti kwamba titi, mkono na mguu wake wa kulia viachwe nje, apate kumnyonyesha, kumpapasa na kumbembeleza mwanawe mchanga. Katika lango la ngome maji meupe ya chokaa huchuruzika mawe, na akina mama wanaonyonyesha wamekuwa wakija kuyagusa.

Msikiti wa Risasi, uliojengwa mwaka 1773 chini ya ngome na kuitwa hivyo kwa sababu ya madini ya risasi yaliyofunika kuba zake, ulikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza watu kusali tena hadharani, Novemba 1990. Mjini usikose Makumbusho ya Taifa ya Picha ya Marubi. Pietro Marubi, mkimbizi wa Kiitaliano, alifungua studio hapa katika miaka ya 1850, na hifadhi iliyokusanywa na vizazi vilivyomfuata ina negativu zaidi ya 500,000: wapiganaji wenye bunduki, mabibi harusi, wachuuzi, wafungwa. Tenga saa mbili nzima.

Siku ya pili jioni fanya maandalizi ya mlimani. Acha mzigo mkubwa katika nyumba yako ya wageni, kwani karibu zote zimezoea kuhifadhi mizigo, ubebe begi dogo la mgongoni lenye nguo za baridi, koti la mvua, maji lita mbili, dawa zako na fedha taslimu za siku tatu. Mwombe mwenyeji akukatie nafasi ya gari la kwenda ziwa la Koman na ya feri ya huko, na akuwekee vyumba katika vijiji vya Valbona na Theth.

Hatua ya tatu: Koman, Valbona na Theth, usiku tatu

Ukiweza kufanya sehemu moja tu ya mwongozo huu, fanya hii.

Gari huwazungukia wasafiri majumbani kwao kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, na kwa saa mbili hivi hupanda barabara mbovu hadi bwawa la Koman. Gari hupita ndani ya handaki la mwamba na kutokea ghafla kwenye gati finyu, ambako watu, mbuzi, magunia na magari hugombania nafasi. Feri huondoka saa tatu asubuhi na huchukua takriban saa mbili na nusu hadi tatu kufika Fierzë. Ziwa hili ni Mto Drin uliozibwa kwa bwawa la umeme lililojengwa kati ya 1979 na 1988; maji yalipopanda yalijaza korongo lote, ndiyo maana kuta za mwamba huchomoka majini wima pande zote mbili, na mara nyingi huonekana kana kwamba njia imekwisha kabla chombo hakijakata kona. Keti sitaha ya juu. Utaona wanakijiji wakishushwa penye mwamba mtupu na kuanza kupanda njia ya mbuzi wakiwa na mafuta ya kupikia na unga, kwa kuwa nyumba zao ziko juu kule na hawana barabara nyingine.

Kutoka Fierzë furgoni hungoja abiria wa feri na kuwapeleka bonde la Valbona. Lala hapo mapema. Kesho yake anza kutembea kabla ya saa mbili asubuhi kuelekea Theth. Safari ni takriban kilomita 17 ukihesabu kuanzia kijijini, nawe unaweza kuzipunguza kwa kupanda gari hadi mwisho wa barabara karibu na Rragam. Kwanza unatembea juu ya mawe meupe ya mto mkavu kwa muda mrefu na jua kali, kisha njia inaingia msitu wa miti ya beech na kupanda kwa mizunguko hadi mlangobahari wa mlima, kama ninavyopenda kuuita, ule upenyo wa Qafa e Valbonës wenye kimo cha takriban mita 1,800. Mtu mwenye afya ya kawaida, asiyezoea milima, hutumia saa sita hadi nane. Njia ina alama nyekundu na nyeupe kwenye mawe na miti. Kushuka upande wa Theth ndiko kunakoumiza magoti, kwa hiyo viatu viwe na soli yenye meno. Raba za mjini zimewavunja watu vifundo pale.

Hatari halisi ni mbili. Ya kwanza ni mvua ya radi ya alasiri, nayo ndiyo sababu ya kuondoka mapema. Ya pili ni mbwa wa wachungaji. Hawa hawafugwi kwa kubembelezwa, kazi yao ni kulinda kondoo dhidi ya mbwamwitu, nao humbwekea yeyote anayesogelea kundi. Ukiwaona, simama, usikimbie, lizunguke kundi kwa mbali, na umwite mchungaji kwa sauti.

Theth ni kijiji kilichotawanyika chini ya vilele vya kijivu, chenye kanisa dogo la mapaa ya mbao. Kaa usiku mbili. Nyumba za wageni ni nyumba za familia. Chakula cha jioni na kifungua kinywa kwa kawaida huwa ndani ya bei, na mezani utakuta jibini ya nyumbani, pilipili zilizochomwa, mkate wa mahindi na asali. Nilipowasili, mama mwenye nyumba alinivua begi mgongoni kabla sijajitambulisha, akaniketisha, akaniletea maji, na maswali yakaja baadaye. Hii si biashara peke yake. Sheria ya mila ya kaskazini, iitwayo Kanun, inaihesabu nyumba kuwa ya Mungu na ya mgeni, na neno besa, yaani ahadi ya kumlinda aliyeingia kwako, lina uzito kuliko mkataba. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waalbania wengi, Waislamu na Wakristo, waliwaficha Wayahudi kwa misingi hiyo, na vita vilipokwisha nchi ilikuwa na Wayahudi wengi kuliko ilivyokuwa nao kabla.

Kanun ilikuwa na upande wake mchungu pia. Karibu na kanisa umesimama mnara wa mawe wa kujifungia, kulla e ngujimit, ambamo mwanamume aliyedaiwa kisasi cha damu alikaa hadi wazee wapatanishe. Ingia, uangalie matundu ya dirisha yalivyo membamba. Siku yako ya mapumziko itumie kwenda maporomoko ya Grunas asubuhi, na kama miguu inakubali, endelea hadi dimbwi la buluu linaloitwa Jicho la Buluu la Theth. Maji yake ni baridi kiasi cha kukata pumzi.

Msafiri mweusi atatazamwa vijijini, na watoto watamfuata. Kwa niliyoyapitia, ni udadisi na si uadui, na salamu moja ya Kialbania huufungua uso wa anayekutazama.

Hatua ya nne: Berat, usiku mbili

Siku ya kushuka kutoka Theth ni ya kusafiri tu: asubuhi hadi Shkodër kuchukua mzigo, mchana Tirana, jioni Berat. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, ukiungana na Gjirokastër iliyoingizwa 2005. Lala mtaa wa Mangalem au ng'ambo ya Mto Osum, Gorica, ambako asubuhi unaziona nyumba nyeupe za upande wa pili zikiwa zimepandana madirisha juu ya madirisha. Ngome ya juu bado inakaliwa na watu. Nguo zimeanikwa kati ya makanisa ya karne nyingi. Katika kanisa lililo na Makumbusho ya Onufri, tafuta rangi nyekundu ya mchoraji huyo wa karne ya 16, ambayo haikuweza kuigwa na waliomfuata. Mawe ya njiani yamesuguliwa hadi yanang'aa, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.

Hatua ya tano: Gjirokastër, usiku mmoja

Hapa watalii ni wengi zaidi, kwa hiyo napita haraka. Nyumba zake ni ngome ndogo zenye mapaa ya vipande bapa vya mawe. Ingia Nyumba ya Skenduli, ambako mwongozaji hueleza chumba kwa chumba jinsi familia ilivyoishi, kuoza binti na kujihami. Mji huu ndio alikozaliwa Hoxha mwaka 1908 na mwandishi Ismail Kadare mwaka 1936. Kula qifqi, viduara vya wali, mayai na mnanaa, kisha upumzike.

Hatua ya sita: Përmet na Mto Vjosa, usiku mbili

Vjosa huanzia milima ya Ugiriki na kumwagika katika Bahari ya Adria ukiwa huru karibu njia yote. Serikali ilikuwa na mipango ya mabwawa ya umeme. Wanakijiji, wanasayansi na wanaharakati walipambana nayo kwa miaka mingi, na Machi 2023 mto ukatangazwa hifadhi ya taifa, ya kwanza ya namna hiyo barani Ulaya. Utauona ukijigawa katika vijito vingi juu ya kitanda kipana cha changarawe, na kila mwaka hubadilisha njia zake.

Kilomita chache nje ya mji, huko Bënjë, kuna chemchemi za maji ya vuguvugu kando ya daraja la mawe la enzi za Waothmani lenye tao moja. Nenda alfajiri kwa teksi, kabla ya saa tatu, ukiwa na viatu vya kuingilia majini. Kufikia mchana huwa pamejaa. Ukishaota maji, fuata korongo la Lengarica kwa miguu, lakini tu kama mwenyeji wako amekuhakikishia kwamba hakuna mvua juu.

Përmet ni mji wa gliko, yaani matunda yaliyopikwa kwa sukari. Mama mmoja aliniita kibarazani, akaleta kisahani chenye tunda moja jeusi la jozi (walnut) lililong'aa, kijiko na glasi ya maji. Jozi hiyo huchumwa changa, ikiwa ya kijani na ganda lake halijakomaa. Humenywa, hulowekwa siku kadhaa ili uchungu utoke, kisha huchemshwa na sukari hadi iwe laini mpaka ndani. Huliwa moja, taratibu, na maji hunywewa baadaye. Nilinunua chupa mbili na kuzifunga kwenye soksi, nazo zilifika nyumbani salama.

Hatua ya saba: Korçë na ziwa, usiku mbili

Barabara ya Përmet kwenda Korçë kupitia Leskovik na Ersekë ni nyembamba, yenye kona zisizohesabika na mandhari ambayo sijaona mfano wake. Magari ni machache na huondoka asubuhi tu, kwa hiyo thibitisha siku moja kabla, na anayechefuka garini akae mbele na ameze dawa mapema.

Korçë ndiko ilikofunguliwa shule ya kwanza ya kufundishia kwa Kialbania, tarehe 7 Machi 1887, na hadi leo tarehe hiyo ni Siku ya Walimu nchini. Jengo ni makumbusho madogo, na mwalimu yeyote wa Kiswahili atayaelewa haraka. Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Zama za Kati ina takriban vitu 7,000, wingi wake picha takatifu za Kiorthodoksi. Jioni ungana na wenyeji katika xhiro, matembezi ya pole pole ya mji mzima barabarani kabla ya chakula.

Siku ya pili kodi teksi hadi Voskopojë, kijiji cha mlimani ambacho katika karne ya 18 kilikuwa mji wa biashara wenye kiwanda cha uchapaji. Kanisa la Mtakatifu Nikolasi limefunikwa kwa michoro ya ukutani iliyofanywa na David Selenica mwaka 1726. Mlango ukiwa umefungwa, uliza mwenye funguo katika mkahawa wa karibu. Huwa hayuko mbali.

Ukirudi Tirana kwa basi la asubuhi utapita Pogradec, kando ya Ziwa Ohrid, ambalo upande wake wa Albania uliongezwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2019. Mwombe dereva akushushe njia panda ya Lin, kijiji kilichojibana kwenye rasi, utembee hadi juu kwenye mabaki ya kanisa la karne ya 6, kisha usimamishe furgoni inayofuata kabla ya saa nane mchana. Anayeendelea Makedonia Kaskazini mpaka uko kilomita chache tu kutoka hapo, naye lek zake zilizobaki azimalizie Lin, kwa samaki na kahawa, kabla hajavuka.